Mwenye Jiwe Amepatikana

Bwana Clemensi alifika Karatu na mke wake, mabegi manne na drili ya betri. Mabegi niliyapakia mimi mwenyewe. Drili sikuiona, maana ilikuwa imeviringishwa ndani ya taulo kama mtoto mchanga, na mtu mwenye adabu hafungui taulo la mwenzake.

Walitoka Dar es Salaam kusherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa. Dereva na mwongozaji wao alikuwa Ignas, mume wa binti yangu Felista. Mpishi wake alikuwa amekwenda Mbulu kuoa, kwa hiyo Ignas akaja kijijini kwangu Qurus, kofia mkononi.

"Baba, siku nne tu. Wageni wawili, na wanakula kila kitu."

Nikamwambia nimestaafu. Akasema anajua. Nikamwambia basi nachukua sufuria zangu mwenyewe, kwa sababu sufuria za kampuni yao huunguza hata maji.

Bwana Clemensi aliwahi kuwa meneja wa kitu fulani. Siku ya kwanza kitu hicho kilikuwa ofisi, siku ya pili kikawa kanda, na nadhani tungekwenda hadi wiki kingekuwa wizara. Alipenda sana jina lake. Lilikuwa kwenye fulana, kwenye kofia, kwenye chupa ya maji, na lingekuwa kwenye soksi kama soksi zingeonekana. Mkewe, Janeth, ambaye sisi tulimwita Mama Janeth kwa heshima ingawa mtoto wao ni Sara, alikuwa mwanamke mpole, mwenye macho ya mtu aliyeshasikia hotuba zote.

Sasa niseme kosa langu mapema, kabla wengine hawajanisemea. Mchana wa siku ya pili, tukila kwenye kivuli cha gari, Bwana Clemensi aliniuliza kuhusu Jiwe la Bao ambalo tungekwenda kuliona kesho yake, upande wa Piyaya. Jiwe lenyewe ni kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu, na mgongo wake ni bapa, umeinama kidogo upande mmoja, ukisimama chini unauona. Mgongoni kuna mashimo safu mbili, kumi na mawili kila upande, laini kama ndani ya kibuyu. Hakuna anayejua nani aliyachimba. Wamasai waliyakuta, na waliokuwepo kabla yao nao waliyakuta. Wazee wa pale wanacheza bao juu yake mpaka leo, kwa mawe madogo. Huo ndio ukweli wote, na ungetosha.

Lakini wali ulikuwa umenitoka vizuri siku ile, na wali mzuri hunilegeza ulimi. Nikamwambia waliochimba mashimo yale walikuwa watu warefu, twiga walikuwa wanawapa shikamoo. Nikamwambia kila aliyeacha alama kwenye jiwe lile alipewa miaka mia ya kuishi kwa kila shimo, na wa mwisho wao hajafa bado. Nilimwona mwenyewe mwaka themanini na saba akinunua chumvi Karatu.

Ignas alikohoa. Mama Janeth alicheka mpaka akaweka sahani chini. Bwana Clemensi hakucheka.

"Alitumia chombo gani?" akauliza.

Hapo ndipo ningepaswa kuacha. Qurus kwetu hata watoto wa chekechea wanajua kwamba maneno yangu hugawanywa kwa nne kabla ya kutumika. Lakini huyu alikuwa mgeni, na nikamjibu, "Chochote alichokuwa nacho, bosi. Jiwe halichagui."

Kesho yake tulifika pale kabla ya saa sita. Ignas akasimama mbele yao, kitambulisho chake cha uongozaji kikining'inia shingoni, akasema kama anavyosema siku zote: hakuna kuchora, hakuna kuchimba, hakuna kuondoka na kitu. Bwana Clemensi aliitikia kwa kichwa kama abiria anayesomewa masharti ya mkanda. Kisha Ignas akaenda kwenye boma la Mzee Ngoyai, kwa sababu gari halisogei karibu na jiwe lile bila mzee kusalimiwa. Mama Janeth alibaki ndani ya gari, miguu imemvimba. Mimi nikakaa nyuma ya gari kumenya viazi.

Nikasikia kitu kinanguruma. Nikadhani ni nyuki. Nikajifunika kitambaa kichwani, maana nyuki wa Piyaya nawajua, waliwahi kumfukuza faru mpaka akaomba hifadhi kituo cha polisi. Nikaendelea kumenya. Mngurumo ukakata, ukaanza tena, ukawa unanung'unika, ukafa.

Nilipozunguka jiwe nilimkuta Bwana Clemensi amepiga magoti mgongoni mwa jiwe, nyusi nyeupe kwa vumbi. Katikati ya safu mbili za mashimo, kwa herufi nene kama vidole gumba, palikuwa pameandikwa CLEMENSI NA JAN.

"Betri imeisha," akaniambia, kama vile mimi ndiye fundi wa betri.

Mama Janeth alikuwa ameshuka kufuata kelele. Akasoma. Akasoma tena.

"Baba Sara," akasema, "Jan ni nani?"

"Ni wewe, mama. Bado hujaisha."

Wakati huohuo Ignas alikuwa anarudi na Mzee Ngoyai na wazee wengine watatu, wamepiga lubega, fimbo mabegani, wanazungumza habari za mvua. Ignas ndiye aliyeona kwanza. Hakupiga kelele. Alichuchumaa chini, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, na nikaona kile kitambulisho kikigusa vumbi. Kila mwongozaji anajua: mgeni akiharibu kitu, mgeni huondoka na mwongozaji hubaki. Kitambulisho kikichukuliwa hakuna kampuni inayokupa gari, na Ignas hana shamba. Ana Felista, na Felista ana mimba ya miezi saba.

Mzee Ngoyai alipanda juu ya jiwe polepole. Akainama, akapitisha kidole ndani ya ile C kubwa.

"Hii ni nini?"

"Jina langu, mzee," akasema Bwana Clemensi. "Kumbukumbu tu. Watu wajue nilifika."

"Ni alama yako?"

"Ndiyo. Alama yangu."

Moyo wangu ukaanguka kwenye viazi. Nimepika kwenye kambi za huko miaka mingi, na neno lile si la kutamka ovyo mbele ya mfugaji. Kule alama hupigwa kwa chuma cha moto juu ya ng'ombe, na kila ukoo una yake. Ukipiga alama yako juu ya ng'ombe wako, kila analofanya ng'ombe yule utaulizwa wewe. Ukiipiga juu ya ng'ombe wa mwenzako, wewe ni mwizi, na hata mama yako hatakuja kukutetea.

Mzee Ngoyai aliwaambia wenzake kwa Kimaa yale yaliyosemwa. Wakakaa chini, mmoja mmoja, kama watu wanaojua kwamba chakula cha mchana kitachelewa.

"Basi tuelewane," akasema kwa Kiswahili. "Jiwe hili ni lako, au umeiba?"

"Sijaiba, mzee. Jiwe liko palepale."

"Kwa hiyo ni lako."

"Si langu."

"Alama ya nani hii?"

"Yangu, lakini..."

"Mwenye jiwe amepatikana," Mzee Ngoyai akawaambia wenzake, na nasema kweli, wazee wale walionekana kufurahi. "Tumemtafuta muda mrefu. Nendeni mkamwite Nasieku."

Nasieku alikuja akiwa na fimbo ya kuswagia mbuzi. Ni mjane, na katika Piyaya nzima hakuna mtu anayeweza kubishana naye akabaki na meno yote. Alipoelezwa kwamba mwenye jiwe ndiye huyu hapa mwenye fulana, alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Chui wako," akasema, "amekula mbuzi wangu wanne."

"Chui gani, mama?"

"Anayelala kwenye ufa wa jiwe lako, upande ule. Umempangisha, au ni ndugu yako?"

Mzee mmoja akaongeza kwamba punda wake aliteleza hapo mwaka wa njaa akavunjika mguu. Mwingine akasema maji ya mvua hukaa kwenye mashimo yale yakazaa mbu, na mbu wale hawajui mipaka. Wa tatu, ambaye nadhani hakuwa na shauri lolote ila hakutaka kupitwa, akasema jiwe linamzibia jua asubuhi.

"Mimi nilidhani ni jiwe tu," akasema Bwana Clemensi.

"Jana lilikuwa jiwe tu," akajibu Nasieku. "Leo lina mtu."

Bwana Clemensi akanyoosha mkono kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Mzee Ngoyai akatikisa fimbo, mkono ukarudi wenyewe. Ndipo mgeni wetu alipofanya kile ambacho wakubwa hufanya wakibanwa: alinitafuta mimi.

"Mpishi wenu ndiye aliyeniambia. Alisema ukiacha alama hapa unaishi miaka mia."

Wote wakanigeukia. Nilitamani jiwe linifungulie ufa, hata kama chui yumo.

"Nilisema," nikakiri. "Nilisema pia twiga walikuwa wanaamkia watu."

"Na wewe ukaamini?" Mzee Ngoyai akamuuliza Bwana Clemensi, kwa upole kabisa. "Wewe umesoma?"

"Nina digrii mbili."

"Za kitu kimoja au vitu viwili?"

Mama Janeth alitazama pembeni. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Lakini Mzee Ngoyai hakuwa anacheza. Alimwita Ignas, akanyoosha kiganja. "Ndama akiingia shamba la mtu, anayeulizwa kwanza ni mchungaji. Lete."

Ignas akavua kile kitambulisho. Mzee akakiweka ndani ya shuka yake, ubavuni. "Jua likishuka tunakwenda kwa askari wa hifadhi. Nitamkabidhi hiki. Mpaka hapo, mwenye jiwe achunge jiwe lake. Sisi tunafikiri."

Nilimfuata mkwe wangu nyuma ya gari. "Ignas, mwanangu, ni ulimi wangu huu."

"Baba," akasema, "leo usiseme kitu tena. Nakuomba kama mtoto wako." Sauti yake ilikuwa na heshima zote, na ndiyo iliyonichoma. Nikanyamaza, na kwa mtu wa Qurus anayenijua hiyo peke yake ni hadithi.

Bwana Clemensi akaanza kuchunga. Kwanza alijaribu simu. Mtandao pale unapatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe, ukisimama kwenye ile herufi ya mwisho na kuinua mkono. Akampata rafiki yake, mkubwa mmoja wa mjini. Tulimsikia akieleza: niko Piyaya, ndiyo, juu ya jiwe, hapana, wanasema ni langu, hapana, sijanunua. Nadhani yule mkubwa alidhani mwenzake amepigwa na jua, maana simu ilikatika na haikupokelewa tena.

Kisha akakaa chini, kofia usoni, na saa zikaenda. Akafukuza mbuzi waliopanda. Akafukuza kunguru. Ilipofika saa tisa alikuwa amechukua mafuta ya nazi ya mkewe na kusugua vumbi la drili kutoka kwenye mashimo. Hakutumwa na mtu. Mtu akikalishwa na kitu kwa muda mrefu, kitu hicho humwingia.

Saa kumi kasoro likaja basi dogo la wanachuo kutoka Arusha, muziki juu, vichwa madirishani. Dereva wao alizima gari akalala hapohapo kwenye usukani. Vijana wakamwagika, wakapiga picha, na mmoja wao, wenzake walimwita Dominic, akaona maandishi.

"Oya, wanangu, kumbe hapa watu wanagonga majina. Lete msumari."

Akapanda na msumari wa inchi nne. Alikuwa hajamaliza tumbo la D pale Bwana Clemensi alipoinuka. Sijawahi kuona mtu mnene akiruka hivyo, na nimeona kiboko akivuka lami ya Karatu kuwahi ibada.

"Wewe. Acha hapo. Weka chini."

"Tulia, mzee. Kwani lako?"

"Ndiyo," akasema Bwana Clemensi. "Langu."

Dominic akaangalia fulana, akaangalia jiwe, akaangalia fulana tena. "Sasa wewe si ndo Clemensi mwenyewe? Umejaza ukuta mzima, mimi herufi moja unanivimbia."

"Hii ni mali ya kale," akafoka Bwana Clemensi. Jasho lilimtiririka, na nakuapia alikuwa anamaanisha kila neno. "Ina miaka maelfu. Watu wazima wanacheza hapa. Mnakuja na misumari yenu kama wahuni. Dereva wenu yuko wapi? Amelala? Mtu kama huyo anyang'anywe leseni leo hii, asiguse usukani tena. Ndio hawa wanaoharibu nchi."

Muziki wa basi ulikuwa umefika mahali pa kupumua.

Mzee Ngoyai alinyanyuka. Akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa kile kitambulisho cha Ignas, akakiinua kwa kamba yake ili kila mtu akione.

"Mwenye jiwe ameamua," akasema. "Twendeni kwa askari. Dereva wa huyu kijana, na dereva wako wewe. Wote wawili. Sheria yako ni nzuri."

Bwana Clemensi alimtazama Ignas, ambaye alikuwa amesimama kando ya gari na mikono imelegea. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa siku tatu kumtazama kama mtu. Mpaka hapo alikuwa akitazama kofia yake.

"Huyu ni tofauti," akasema.

"Tofauti yake?"

"Alinikataza. Alinikataza mapema kabisa. Nilisubiri aondoke."

"Sema tena. Nasieku hakusikia."

Nasieku alikuwa amesikia vizuri, masikio yake hufika mpaka Oloipiri. Lakini alikinga kiganja sikioni.

"Nilisubiri aondoke," Bwana Clemensi akasema kwa sauti. "Nilificha drili kwenye taulo."

"Hayo kayaseme mahali panapoandikwa," akasema Mzee Ngoyai. "Maneno ya mdomo hayabaki."

Wanachuo walikwangua ile D yao kwa aibu, ikazidi kuonekana; mzee akawaachia pamoja na dereva wao, wakaondoka bila muziki. Sisi tukaingia kwenye Landkruza, mzee kiti cha mbele, Nasieku katikati ya mume na mke kama mpaka wa shamba. Mwendo wa dakika arobaini mpaka kituo cha askari, chumba kimoja cha bati chenye meza na daftari la matukio. Askari wa zamu alikuwa dada mmoja anaitwa Selestina, mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Aliwasikiliza wote bila kuandika. Kisha akamgeuzia Bwana Clemensi daftari.

"Andika mwenyewe, baba. Kilichotokea, nani alifanya, na jina kamili chini. Nikiwa na maelezo yako hapa, mwongozaji hana kosa. Nisipokuwa nayo, kitambulisho nakipeleka juu na faili yake."

Mzee Ngoyai akaweka kitambulisho mezani, akakifunika kwa kiganja.

Bwana Clemensi akashika kalamu. Mtu aliyechimba jina lake kwenye mwamba kwa drili, akiwa amepiga magoti, bila kuombwa na mtu, sasa alikuwa na mstari mtupu mbele yake na mkono haukushuka. Akaandika polepole. Selestina akasoma kwa sauti: "Maandishi yameonekana kwenye jiwe."

"Yameonekana," akarudia. "Yalikuja na basi?"

"Dada, hili daftari linasomwa na nani?"

"Mkaguzi. Mahakama, ikibidi. Na kila mtu atakayekaa kiti hiki."

"Nina nafasi yangu katika jamii. Niko kwenye bodi mbili. Hatuwezi kuandika tu 'mgeni kutoka Dar'?"

Ignas alikuwa mlangoni, anatazama kile kiganja cha mzee mezani. Mimi nilikuwa na hadithi saba tayari kwenye ulimi, yoyote ingeweza kumtoa mkwe wangu, na zote nilizimeza, kavukavu, kama ugali bila mboga.

Mama Janeth ndiye aliyesogea. Alivuta kiti kingine, akakaa karibu na mume wake, akaweka miwani.

"Baba Sara," akasema, "binti yake huyu mpishi, kama alivyotuambia juzi, anajifungua baada ya miezi miwili. Mume wake ndiye huyo mlangoni. Wewe andika, au nipe mimi kalamu niandike kama shahidi, na mimi sitasahau kitu. Nitaanzia na taulo, kwa sababu lilikuwa langu."

Bwana Clemensi akakata ule mstari wa kwanza. Akaandika kwamba yeye mwenyewe, kwa drili yake, aliharibu Jiwe la Bao baada ya kukatazwa na mwongozaji wake, ambaye hakuwepo. Chini kabisa, kwenye kona ya ukurasa, akaweka jina lake, dogo kama njia ya sisimizi.

Selestina akaliinamia. Akaliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha.

"Halisomeki hili, baba," akasema. "Andika tena. Kwa herufi kubwa."

Akaandika. Alipofika herufi ya mwisho, Mzee Ngoyai aliinua kiganja kutoka juu ya kitambulisho.